Iringa hadi Tukuyu kwa skuta kupitia Makete na Kitulo: nipite njia ipi?

Binti Gangilonga

Kamwene ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa mjini, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikienda kazini kwa skuta ya cc 125, hizi zisizo na gia za mguu. Ina breki ya diski mbele na ya ngoma nyuma, na tangi lake linaingia lita tano na nusu. Katika likizo fupi ya Septemba ninakusudia kwenda nayo Tukuyu kumsalimia shangazi yangu, lakini sitaki kufuata barabara kuu moja kwa moja kama abiria wa basi. Ninataka kupita Mafinga na Makambako, nikate kwenda Njombe, nipande hadi Makete, nivuke uwanda wa Kitulo, kisha nitokee Matamba na kushuka zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba hadi Chimala. Kutoka Chimala nitafuata lami ya TANZAM, ile barabara kuu ya kwenda Zambia, hadi Uyole, halafu nikate kushoto kwenda Tukuyu.

Nimepima umbali kwenye ramani, nikagawa kwa siku mbili: siku ya kwanza Iringa hadi Makete, siku ya pili Makete hadi Tukuyu. Kwa kilomita hesabu inakubali, ila kuna jambo moja linalonitia wasiwasi, nami ninaomba mnieleze bila kunionea haya. Kila ninaposhuka kutoka mjini kwenda Ipogolo huwa ninashikilia breki zote mbili kuanzia juu hadi chini, na nikifika pale chini ninasikia harufu kama ya mpira au kitambaa kilichoungua. Mteremko wa Ipogolo ni mfupi. Je, kwenye kona hamsini na saba itakuwaje? Aidha, ningependa kujua habari za mafuta, baridi na hali ya barabara kutoka kwa mtu aliyepita huko kwa chombo kidogo, kwa kuwa wengi niliowauliza walipita kwa gari na hawakumbuki chochote zaidi ya kusinzia.

Fundi wa Soweto, Mbeya

Mwalimu, harufu hiyo ya Ipogolo imekujibu kabla yetu. Ulichopima kwenye ramani ni kilomita, na kilomita katika nyanda hizi hazikuambii kitu. Safari ya skuta milimani hupimwa kwa miteremko: unaanzia kushuka wapi, unashuka kwa muda gani bila sehemu tambarare ya kupumzisha breki, na chini yake kuna nini. Ukishajua hayo, ndipo unajua siku yako itaishia wapi.

Nieleze kwanza jinsi chombo chako kinavyofanya kazi, maana wapanda skuta wengi wanaokuja kwangu hawajawahi kuelezwa. Pikipiki ya kawaida ukiiweka gia ya pili kwenye mteremko, injini yenyewe inakushika. Skuta haina gia ya kuchagua. Ina mkanda unaozunguka kwenye puli mbili, na nyuma yake kuna klachi inayojikamata yenyewe kwa kasi ya mzunguko. Ukiwa katika mwendo na ukafunga mafuta, yaani ukaachia mpini wa kuongezea mwendo, klachi bado imeshika na injini inakusaidia kupunguza kasi, ingawa si kwa nguvu kama ya gia nzito. Lakini mwendo ukishuka sana, karibu na kasi ya mtu anayekimbia, klachi inaachia. Hapo skuta inakuwa sawa na baiskeli: injini inanguruma peke yake, na uzito wote wa wewe, mzigo na chombo unabebwa na breki tu. Nina hakika kwamba Ipogolo unashuka polepole mno ukidhani ndiyo usalama, na bila kujua unashuka ukiwa frii.

Dawa yake ni hii. Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Ukiingia, funga mafuta na usikilize. Ukihisi chombo kimekuwa chepesi ghafla, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amekushika kiunoni akakuachia, fungua mafuta kidogo sana mpaka klachi ishike, halafu funga tena. Utasikia mguno wa injini ukirudi. Breki usizishikilie. Zibane zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, mwendo ukishapungua ziachie kabisa zipate upepo, na kona ipite ukiwa umekwisha kupunguza. Breki inayobanwa kidogo kidogo kwa dakika kumi inachemka kuliko inayobanwa kwa nguvu mara ishirini na kuachiwa. Ngoma ya nyuma ndiyo mbaya zaidi kwa sababu imefunikwa na joto lake halina pa kutokea. Diski ya mbele inapoa haraka, lakini ina mafuta yake ya breki, na mafuta hayo hunyonya unyevunyevu kadiri yanavyokaa. Yakiwa ya zamani yanachemka mapema, yanatoa viputo, na kishikio unachokibana kinakwenda hadi kwenye mpini bila kushika chochote.

Hilo la kishikio sikulisoma mahali. Mwaka juzi nilichukua skuta ya mteja huko Matamba, nikaamua kuishusha mwenyewe hadi Chimala ili niokoe nauli ya kuipakia kwenye gari. Sikuifungua breki kuitazama, jambo ambalo ningemgombeza mwanafunzi wangu yeyote kwa kulifanya. Katika kona ambayo kwa hesabu yangu ilikuwa ya thelathini na kitu, kishikio cha mbele kiligusa mpini. Nilibana cha nyuma, nacho kikateleza kama kimepakwa grisi. Nilichofanya ni kuelekeza chombo upande wa mlima, si upande wa bonde, nikakiingiza kwenye lundo la kifusi pembeni mwa barabara, nikaanguka nacho. Nilichunika kiwiko na goti. Nilipoinuka nilitemea mate kwenye ngoma ya nyuma, na tone lile likaruka juu kama maji kwenye kikaango cha maandazi. Nilikaa pale zaidi ya nusu saa kabla sijagusa tena mpini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukiipenda Hamsini na Saba, ipande, usiishuke. Geuza safari yako. Kutoka Makambako nenda Chimala, pandisha kona zile asubuhi ukiwa na nguvu, lala Matamba, vuka Kitulo, ushukie Isyonje, iliyo kwenye barabara ya Uyole hadi Tukuyu, kisha uende Tukuyu, na wakati wa kurudi upite Makete na Njombe. Kabla ya kuondoka mpelekee fundi unayemwamini afungue mkanda auangalie nyufa, abadilishe viatu vya breki ya nyuma hata kama vinaonekana vina uhai, amwage mafuta ya breki yote na kuweka mapya, abadilishe oili ya injini na ile ya gia za nyuma ambayo wengi huisahau, na apime upepo wa tairi zikiwa baridi.

Mkinga wa Tandala

Mwalimu, karibu Makete. Namheshimu Fundi, na yote aliyoyasema kuhusu breki nayaunga mkono neno kwa neno, lakini juu ya kuanzia Chimala sikubaliani naye, nami nina sababu zangu.

Ile barabara ya Hamsini na Saba inapanda kutoka kwenye bonde la Usangu hadi Matamba kama ngazi iliyoegeshwa ukutani. Skuta ya cc 125 yenye mtu na mizigo inapanda, sikatai, lakini inapanda kwa mwendo mdogo sana, na mwendo mdogo kwenye mlima mkali ndio unaotafuna mkanda: klachi inashika na kuachia, joto linajaa ndani ya boksi la mkanda, na upepo wa kulipoza haupo. Zaidi ya hayo, ili ufike Chimala itakubidi utoke Makambako kupitia Igawa ukiwa katikati ya malori yaendayo Tunduma. Kwa nini ujitese hivyo wakati Njombe ipo?

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita zipatazo 60. Kutoka Njombe hadi Makete mjini ni kilomita 107, nazo ni lami. Njia hii inapanda, lakini inapanda kwa adabu: unapanda kidogo, unashuka kidogo, unapita misitu na mashamba ya viazi, injini inapata nafasi ya kupumua na breki vilevile. Hata hivyo usiifanye Iringa hadi Makete kuwa safari ya siku moja. Ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu ngumu ingekukuta jioni, saa ambazo ukungu wa milima ya Kipengere unashuka barabarani hata taa ya mbele inakuwa kama mshumaa nyuma ya pazia. Lala Njombe siku ya kwanza. Siku ya pili toka jua likishapasha moto, ufike Makete mchana, ulale. Siku ya tatu ndiyo ya Kitulo.

Kitulo kuna mambo ya kujua. Uwanda ule uko kwenye mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, wakati Iringa mjini mko kwenye mita 1,550 hivi. Hewa hupoa takribani nyuzi sita kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa hiyo ukiondoka kwenu na nyuzi kumi na nane, juu kule utakuta kumi na mbili, na bado hujahesabu upepo wa mwendo wako mwenyewe, ambao ndio unaouma. Mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka zimevaa barafu nyeupe. Septemba baridi inakuwa imelegea kidogo, lakini isikudanganye. Vaa glovu za ngozi, soksi mbili na jaketi lisilopitisha upepo, na chini ya jaketi kifuani tandaza gazeti. Sisi tuliokulia huku tumelitumia gazeti kabla hatujajua kusoma. Mikono ikifa ganzi simama, kwa maana mkono wenye ganzi hauhisi breki, na hapo ndipo mafunzo yote ya Fundi yanapopotea.

Hewa nyepesi ina jambo jingine. Kwenye kimo kile nguvu ya injini inapungua karibu robo ukilinganisha na injini hiyohiyo ikiwa Dar es Salaam. Skuta yako imezoea Iringa, kwa hiyo hutashtuka sana, lakini kama ni ya kabureta itakohoa kidogo na kula mafuta zaidi. Piga hesabu: Njombe hadi Makete kilomita 107, kisha Makete kupitia Kitulo na Kikondo hadi Isyonje karibu kilomita 100 nyingine. Kwa lita tano na nusu, chombo kinachokwenda kilomita 40 kwa lita mjini kitakwenda labda 33 au 35 milimani. Tangi la Njombe peke yake halikufikishi Isyonje kwa amani. Jaza Makete mjini hata kama mshale unaonyesha nusu, na ubebe lita moja au mbili kwenye kidumu kinachofungwa vizuri. Njiani utakuta petroli ya chupa vijijini, lakini ile huijui imekaa tangu lini wala imechanganywa na nini.

Ukiacha lami baada ya Makete, kuna sehemu za kifusi na vumbi. Septemba ni kavu na zinapitika. Wenye kutaka maua, yale yaliyoifanya Kitulo iitwe Bustani ya Mungu na kutangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huja kati ya Desemba na Aprili, na ndio wakati udongo wetu unapoteleza kama sabuni iliyolowa. Kwa skuta yenye tairi ndogo na laini usijaribu kipindi hicho. Utakosa maua mengi, lakini utauona uwanda wenyewe, ng'ombe wa maziwa wa shamba la Kitulo, na anga ambayo sijaiona ikiwa karibu namna ile mahali pengine popote. Ukitaka kukatisha ndani ya hifadhi kwenye njia zisizo barabara ya umma, uliza kwanza ofisi ya hifadhi iliyopo Matamba, kwa kuwa hifadhi za taifa zina masharti yake kuhusu pikipiki.

Na jihadhari na Fuso za viazi. Zinapanda kwa kunyata na kushuka kwa fujo.

Msafwa wa Taichung

Salamu kutoka mbali. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, niko Taiwan kwa masomo, nami ninaandika kwa sababu hiki anachokipanga Mwalimu huku ni jambo la kila wikendi. Kisiwa hiki kina skuta nyingi mno, na nyingi ni za cc 125 kama yake. Barabara za kasi haturuhusiwi kuzipita, kwa hiyo mwenye skuta hana budi kujua barabara za milimani, na milima ya huku haina mzaha.

Mwaka jana nilipanda kutoka mji wa Puli, ulio kwenye mita 450 hivi, hadi Wuling, mahali palipo na kimo cha mita 3,275, ambapo ndipo juu kabisa panapofika barabara ya umma nchini humu. Ni kilomita zipatazo 55 tu. Ninataka kumwambia Mwalimu kwamba kupanda hakukuwa tatizo. Skuta ilikwenda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ikalalamika, ikafika. Shida ilikuwa kurudi, kwa sababu mtu anashuka karibu mita 2,800 katika umbali ule mdogo. Wenzangu wenyeji walikuwa na kawaida ambayo mwanzoni niliiona ya ajabu: kila baada ya dakika kumi na tano za kushuka waliegesha, wakanywa chai, wakapiga picha, na kila mmoja aliinama kunusa gurudumu la nyuma. Hakuna aliyemharakisha mwenzake. Nilipouliza niliambiwa kwamba kituo hupangwa nyumbani kabla ya safari, kwa sababu mtu akingoja mpaka asikie harufu atakuwa amechelewa. Fanya vivyo hivyo, Mwalimu: kabla hujaondoka chagua mahali utakaposimama wakati wa kushuka, na usimame hata kama breki haijalalamika.

Jambo la pili nililojifunza huku ni kutoiamini ramani ya jana. Barabara ya kusini inayokata milima, ile namba 20, ilibomolewa na kimbunga Morakot mwezi Agosti 2009, na magari hayakupita tena kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka Mei 2022, tena kwa saa za mchana tu. Bonde la Taroko, ambalo kila mgeni alilitamani, liliharibiwa na tetemeko la tarehe 3 Aprili 2024. Milima yetu haitetemeki kiasi hicho, lakini maporomoko ya mvua tunayajua, na barabara zinazojengwa hufungwa kwa saa kadhaa bila tangazo. Asubuhi ya kila siku mpigie simu mtu aliye mbele yako njiani. Wenyeji wa huku huondoka alfajiri ili wawe wameshuka kabla ya ukungu wa alasiri, na nadhani Mkinga atakubali kwamba hilo halina tofauti na Kipengere.

Dereva wa Tunduma

Nimekuwa nikiendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwanangu, msikilize Mkinga. Kipande cha Igawa, Chimala, Igurusi, Inyala hadi Uyole si cha skuta ya mtu anayetembea kwa starehe. Pale Inyala tunashuka kwa gia nzito na breki ya injini tukiwa na tani nyingi mgongoni, na hata ningekuona mita mia moja mbele nisingeweza kusimama kwa ajili yako. Sisemi hivyo kukutisha. Ndivyo uzito ulivyo.

Kati ya Iringa na Makambako huwezi kuikwepa barabara kuu, kwa hiyo ipite mapema, jua likishatoka, wala si gizani. Usikae nyuma ya lori karibu, maana mimi sioni chochote kilicho nyuma ya tela langu mita chache. Ukiona lori kwenye kioo chako na uko kwenye mteremko, usishindane nalo wala usijibane pembeni ya lami ukidhani limekuona; toka kabisa barabarani, acha lipite, kisha rudi. Kamwe usilipite lori kwa upande wa kushoto, hata kama linatambaa. Na koti lako liwe na rangi inayoonekana. Nimewaona wengi wamevaa nyeusi kichwani hadi miguuni, pikipiki nyeusi, lami nyeusi.

Binti Gangilonga

Shikamoo Mzee Dereva, na ninyi nyote nawashukuru sana. Nimesoma kila jibu mara mbili na kuyaandika kwenye daftari.

Juzi jioni nilikwenda kufanya jaribio. Nilipanda juu, nikapunguza mwendo kabla ya mteremko, nikaenda chini Ipogolo kwa mwendo wa kilomita 30 hivi nikiwa nimefunga mafuta, na nikabana breki mara nne tu kabla ya kona, kwa nguvu, kisha nikaachia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nilihisi kile alichokieleza Fundi: chombo kikishikwa kiunoni. Nilipopunguza zaidi ili nione, kweli kikaachia, nikafungua mafuta kidogo kikashika tena. Chini niliinama nikanusa gurudumu. Hapakuwa na harufu. Mama mmoja anayeuza ndizi pale aliniuliza kama nimeangusha kitu.

Nimeamua hivi. Nitapita Njombe kama alivyoshauri Mkinga, siku ya kwanza nilale Njombe, siku ya pili Makete, siku ya tatu nivuke Kitulo na Kikondo nishukie Isyonje, nami nitalala popote nitakapofika kabla ya saa kumi jioni badala ya kulazimisha Tukuyu. Hamsini na Saba sitaishuka wala kuipanda kwa skuta. Fundi, najua utasikitika. Muda ukiniruhusu nitakata kwenda Matamba, niegeshe, nitembee kwa miguu hadi ukingoni nikaione Usangu kutoka juu.

Nimebaki na swali moja. Nilikuwa nimepanga kumpelekea shangazi kilo ishirini za maharage ya Iringa na mashine yake ya kushonea ya mkono iliyokuwa kwa fundi huku. Vyote nimevipima: vinaenea nyuma kwenye keria na mbele miguuni. Je, vitaniletea shida?

Fundi wa Soweto, Mbeya

Sisikitiki hata kidogo, Mwalimu. Ukiiona kutoka juu kwa miguu utaielewa kuliko mimi niliyeipita nikiwa nimefumba jicho moja kwa maumivu.

Kuhusu mzigo, jibu ni ndiyo, vitakuletea shida. Maharage na mashine vikijumlishwa ni kama kumpakia mtoto wa darasa la saba safari nzima, na kila kilo unayoiongeza ni kilo ambayo breki zako zitaibeba kutoka Kikondo hadi Isyonje. Mzigo wa nyuma ukikaa juu ya keria unanyanyua gurudumu la mbele wakati wa kupanda, na mpini unakuwa mwepesi kwenye kokoto. Ule wa miguuni ni mbaya zaidi, kwa sababu unakuzuia kushusha mguu haraka pale chombo kinapoyumba. Vitume kwa basi la Mbeya, andika namba ya simu ya shangazi juu ya boksi, na mtu avipokee Uyole kisha avipakie kwenye kosta za Tukuyu. Wewe ubaki na nguo, kidumu cha petroli, plagi moja, kebo ya breki ya nyuma, kifaa cha kuzibia pancha cha tairi zisizo na tyubu, pampu ndogo, na tochi.

Mkinga wa Tandala

Na gazeti.

Ukifika Makete mjini niandikie, nitakuwa nimekwisha kuuliza madereva wa siku hiyo kuhusu kipande cha Kikondo, kama kimefungwa kwa matengenezo au kinapitika, na saa ngapi. Kama ukungu utakuwa bado umelala asubuhi usione aibu kungoja mpaka saa nne. Kutoka Kikondo kushuka kuna sehemu mbili pana za kuegesha, moja upande wa mlima na nyingine karibu na mashamba ya pareto. Simama zote mbili.

Binti Gangilonga

Nimeziandika zote mbili, na gazeti limo. Maharage na mashine vinaondoka kesho kwa basi la asubuhi. Skuta iko kwa fundi tangu mchana: viatu vya breki ya nyuma alivyovitoa vilikuwa vimekwisha hadi kwenye chuma upande mmoja, na mafuta ya breki yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Amenipa kile kiatu kilichokwisha nikae nacho, nami nimekiweka kwenye mfuko wa jaketi.